Kabla kisu cha fundi hakijagusa kiti: magari ya kale yanavyovuliwa ngozi yake ya asili

Kazi ya kushona upya viti vya gari huanza kwa kisu. Kiti kinafunguliwa boliti zake, kinatolewa nje na kulazwa juu ya gunia, kisha fundi anapitisha ncha ya kisu kwenye mshono kutoka begani hadi chini. Ngozi ya zamani inavuliwa na kutupwa kwenye rundo la vipande vingine. Kabla ya saa kumi jioni kiti kimevaa ngozi mpya nyeusi inayong'aa, yenye mishono ya vibarafu vya almasi, na mwenye gari anaondoka ameridhika.

Kwa gari la kawaida lililoletwa kutoka Japani juzi, hakuna kilichoharibika. Lakini siku ambayo kiti kilichovuliwa ni cha Peugeot 404 ya mwaka 1966, Volkswagen Beetle, Land Rover ya zamani au Datsun 1600 SSS, kilichotupwa kwenye rundo hakipatikani tena dukani, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au katika vibanda vya vipuri vya Kisekka jijini Kampala. Injini ya gari la namna hiyo inaweza kufanyiwa ukarabati mara tatu. Bodi inaweza kunyooshwa na kupakwa rangi upya. Vinili, ile ngozi ya plastiki ambayo mafundi wengi huiita reksini, ikishakatwa imekwisha.

Ndiyo maana wenye magari ya kale katika ukanda huu wameanza kubishana na mafundi wao kuhusu jambo ambalo miaka 20 iliyopita lisingemshughulisha mtu: je, kiti kilichochanika kishonwe upya, au kiokolewe kama kilivyo?

Swali hilo lina uzito zaidi hapa kuliko Ulaya, kwa sababu magari haya hayaongezeki. Kenya kwa ujumla hairuhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, ila inatoza ushuru wa ziada kwa magari yaliyozeeka. Sera hizo zina sababu zake, na moshi wa barabarani ni mojawapo. Matokeo yake kwa gari la kale ni kwamba Peugeot iliyoko Moshi, Eldoret au Mbarara leo ndiyo hiyo hiyo. Ikikatwa kwa ajili ya chuma chakavu, au ikivuliwa viti vyake, hakuna meli inayoleta nyingine.

Magari yaliyovuka mipaka kabla ya Jumuiya

Thamani ya magari hayo kwa Afrika Mashariki haitokani na uzee tu. Mwaka 1953, miaka 14 kabla ya kuundwa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, madereva walianza kushindana katika mbio zilizozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizoanzishwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Mbio hizo ndizo zilizokuja kujulikana duniani kote kwa jina la Safari.

Gari lililoshinda Safari lilinunuliwa na watu. Volkswagen Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotokea Tanzania. Mwaka 1970 Edgar Herrmann akashinda kwa Datsun 1600 SSS. Baada ya hapo ikaja Peugeot 504, iliyoshinda mwaka 1975 ikiwa mikononi mwa Ove Andersson.

Ndivyo Peugeot, au Pijo kama wengi walivyoiita, ilivyokuwa gari la mwalimu mkuu, la daktari wa wilaya na la mfanyabiashara wa kahawa. Ile ya behewa, yenye safu tatu za viti, ikawa teksi ya masafa marefu. Watu wengi wenye umri wa zaidi ya miaka 50 katika ukanda huu wanakumbuka joto la kiti cha vinili kwenye mapaja siku ya jua kali, na harufu yake. Mercedes-Benz nazo zilikuwa na wenyewe, kiasi kwamba Kiswahili kiliwatungia jina: Wabenzi. Hata Mercedes nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilivaa vinili wala si ngozi ya ng'ombe. Kiwanda kiliiita MB-Tex, na sifa yake ya kudumu ndiyo inayofanya watu wengi waapize kuwa ni ngozi halisi.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mwaka huo huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Tanzania ikabaki na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu. Katika miaka hiyo fundi aliyeweza kushona kiti kwa turubai, au kukijaza kwa chochote kilichopatikana, alikuwa mtu wa maana sana. Ustadi wa kubuni uliozaliwa wakati huo bado upo. Tatizo ni kwamba uliambatana na tabia ya kutoona thamani katika kipande kilichochakaa: ukipata kipya, cha zamani tupa.

Kinachotoka ndani ya vinili

Ili kuelewa kwa nini kiti cha zamani kinapasuka, ni vema kukumbuka mabomba ya maji ya plastiki. Bomba la PVC na kiti cha Peugeot ni ndugu wa tumbo moja. Plastiki hiyo kwa asili yake ni ngumu. Mwaka 1926 mkemia wa Marekani, Waldo Semon, akiwa katika kampuni ya B.F. Goodrich, aligundua kwamba ikichanganywa na vimiminika fulani inakuwa laini na yenye kunyumbuka. Kiti cha vinili ni plastiki hiyo laini iliyotandazwa juu ya kitambaa.

Vilainisho hivyo havikufungamana na plastiki moja kwa moja. Vimekaa katikati yake tu, kama maji ndani ya sponji, na kila siku vinatoka kidogo kidogo. Mtu anayemiliki gari lililokaa juani amewahi kuona ukungu wa mafuta upande wa ndani wa kioo cha mbele, ule usiotoka kwa kitambaa kikavu. Sehemu kubwa ya ukungu huo ni dashibodi na viti vyenyewe, vikiondoka.

Vilainisho vikipungua, vinili hunywea na kukakamaa. Ikinywea inavuta mishono. Ikikakamaa inapasuka mahali inapokunjwa, hasa kwenye ukingo wa kiti cha dereva, anapoteleza kila anapoingia na kutoka. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani, dashibodi huweza kuvuka nyuzi joto 60 za Selsiasi. Hapo kasi ya kutoka kwa vilainisho huongezeka sana.

Jua lenyewe halifanani kila mahali. Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 na Kigali karibu mita 1,500. Watu wa huko husema hali yao ya hewa ni ya baridi, na ni kweli, lakini kadiri mtu anavyopanda juu ndivyo miale ya urujuanimno inavyozidi, kiasi cha asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000. Miale hiyo isiyoonekana ndiyo inayovunja plastiki na kufifisha rangi. Kwa hiyo gari la Nairobi lisiloona joto kali laweza kuwa na dashibodi iliyopasuka vibaya kuliko lile lililokaa kivulini Tanga.

Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar zina adui mwingine. Vinili yenyewe haiogopi unyevu, lakini vilivyo nyuma yake vinauogopa: kitambaa cha pamba huota ukungu, uzi huoza, na chemchemi za kiti hupata kutu, ambayo hupenya na kuacha madoa ya kahawia yasiyosafishika. Kampala na Bujumbura ziko katikati ya hali hizo mbili. Ushauri wa kutunza viti uliokopwa kutoka nchi yenye theluji, kwa hiyo, haumsaidii sana mtu wa ukanda huu.

Uoshaji unaoua

Uharibifu mwingi, hata hivyo, hauletwi na jua. Unaletwa na mikono yenye nia njema.

Wa kwanza ni petroli na mafuta ya taa. Waosha magari huzipenda kwa sababu zinatoa doa la kalamu, lami au gundi kwa mpanguso mmoja. Zinaondoa pia vilainisho. Kiti kilichopanguswa kwa petroli huonekana kisafi jioni hiyo. Baada ya miezi sehemu ile ile huwa ngumu kama kadibodi. Thina ni mbaya zaidi kwa sababu huyeyusha hata rangi ya juu.

Wa pili ni sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Vinili ya zamani ina michoro midogo iliyopigwa juu yake kuiga vinyweleo vya ngozi, na juu ya hapo kuna tabaka jembamba la kinga. Brashi ngumu hulikwangua tabaka hilo. Likishaondoka, uchafu unaingia moja kwa moja na mwosha gari anazidi kusugua.

Wa tatu ni mng'ao. Dawa za silikoni zinazouzwa kwenye vituo vya mafuta hufanya dashibodi ing'ae kama kiatu cha askari, na wateja wengi hawaamini kwamba gari limeoshwa bila mng'ao huo. Peugeot haikutoka kiwandani ikiwa inang'aa hivyo; vinili yake ilikuwa na wepesi wa kufifia, isiyorudisha mwanga machoni mwa dereva. Zaidi ya hapo, silikoni ikishaingia kwenye nyufa, gundi na rangi ya ukarabati hazishiki. Mafuta ya nazi, dawa ya nyumbani ya Pwani, hayawezi kurudisha kilichotoka. Hukaa juu, hukusanya vumbi na hatimaye hunuka.

Wa nne ni nailoni. Kuna wenye magari walioacha plastiki ya kiwandani juu ya viti kwa miaka mingi wakiamini wanavitunza. Chini ya nailoni hiyo unyevu haukauki, na nailoni yenyewe hunyonya vilainisho kutoka kwenye kiti. Inapotolewa hatimaye, wakati mwingine hung'oka na rangi. Kitambaa cha kufuma kwa mkono, kile ambacho kina mama wengi walikitandika juu ya migongo ya viti vya gari kama walivyotandika sebuleni, kilikuwa kinga bora kuliko nailoni, kwani kilizuia jua na kuruhusu hewa.

Njia iliyo salama haina gharama kubwa. Vumbi hufyonzwa au kupanguswa kwanza, kwa sababu mchanga ukisuguliwa ni msasa. Kisha sabuni laini ya maji, ya kuoshea vyombo kwa mfano, hutiwa matone machache kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu. Kitambaa hukamuliwa hadi kisidondoke. Brashi laini, hata mswaki wa zamani, hutumika kwenye mishono na michoro. Kila sehemu hupanguswa kwa maji safi na kukaushwa kabla ya kwenda nyingine. Baada ya hapo hupakwa dawa ya kinga iliyotengenezwa kwa maji, yenye kizuia miale ya jua, isiyoacha mng'ao. Halafu gari liegeshwe kivulini. Likikosa kivuli, kipande cha kadibodi nyuma ya kioo cha mbele kinafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote ya dawa.

Wengine hutandika kapeti juu ya dashibodi. Si vibaya, mradi haikugandishwa kwa gundi na inatolewa mara kwa mara kupunga hewa. Kapeti iliyogandishwa huficha ufa kwa mwaka mmoja, kisha hutoka pamoja na dashibodi.

Kiti kinapohukumiwa kwa kosa la uzi

Viti vingi vinavyotupwa havikuwa vimekufa. Fundi anaona mshono umeachia, sponji imechungulia, na anatoa hukumu: vinili imeisha. Akiishika na kuikunja taratibu angegundua kwamba bado ni laini, na kilichooza ni uzi. Uzi wa enzi hizo mara nyingi ulikuwa na pamba ndani yake. Jua na jasho viliumaliza kabla ya ngozi yenyewe.

Kazi ya kuokoa kiti kama hicho ni ya mkono, na ni ya polepole. Uzi wa zamani hutolewa kwa kibanio, tundu moja baada ya jingine. Uzi mpya wa poliesta usioathiriwa na jua hupitishwa kwenye matundu yale yale. Cherehani haifai sana hapo, kwa sababu sindano yake itatoboa matundu mapya kando ya yale ya zamani, na vinili yenye safu mbili za matundu huchanika kama stempu ya posta. Hata kwenye kipande kipya, mishono mifupi mno ambayo mteja huiona kuwa ndiyo kazi nzuri huidhoofisha vinili.

Mpasuko ulio katikati ya kiti hauhitaji kushonwa kabisa. Kushona mpasuko ni kuongeza matundu penye udhaifu. Wanaoijua kazi huingiza kipande cha kitambaa kupitia ufa wenyewe, kikubwa kuliko ufa pande zote, wakakilaza nyuma yake, wakapaka gundi inayonyumbuka na kubana hadi ikauke. Juu huzibwa kwa vinili ya maji inayokauka, na rangi ya vinili hupigwa mwisho. Gundi ya papo kwa papo, ile inayogandisha hadi vidole, ni kosa la kawaida: inakuwa ngumu kama kioo, na mwezi unaofuata ufa mpya unaanza pembeni yake.

Vinili iliyolegea na kukunjamana hurudi kwa joto la kiasi. Mashine ya kukaushia nywele, ikishikwa mbali na kusogezwa bila kusimama, hutosha. Bunduki ya joto ya gereji huunguza na kufuta michoro kwa sekunde chache.

Ndani ya kiti kuna habari nyingine. Volkswagen na Mercedes za zamani hazikujazwa sponji tupu. Zina mikeka ya nyuzi za makumbi ya nazi na nywele za wanyama iliyoshikanishwa kwa mpira, na harufu ya Beetle ya zamani ambayo watu huitaja inatokana kwa kiasi kikubwa na mikeka hiyo. Mtu wa Pwani akikifungua kiti hicho anakutana na kitu alichokizoea tangu utotoni. Mafundi wengi huiona mikeka hiyo kuwa takataka na kuweka sponji ya godoro. Hapo ngozi ya asili, hata ikiwa nzima, haikai tena vizuri kwa sababu umbo lililo chini yake limebadilika, na lawama inaiangukia ngozi.

Milango ndiyo yenye hasara ya kimyakimya. Paneli ya mlango ni vinili iliyogandishwa juu ya hadibodi, na nyuma yake kiwandani waliweka karatasi ya plastiki au ya lami. Maji ya mvua huingia ndani ya mlango wa kila gari kupitia ukingo wa kioo. Hilo ni jambo la kawaida, na kuna matundu chini ya kuyatoa. Karatasi ile ndiyo inayozuia hadibodi isilowe. Fundi wa vioo au wa redio anapofungua mlango huichana karatasi na kuitupa kwa kuwa inamzuia kuona. Misimu miwili ya masika inatosha. Hadibodi inavimba, inapinda, klipu zinang'oka, na mwenye gari anadhani vinili imezeeka.

Kipande cha nailoni nene kilichokatwa kwa umbo la mlango na kugandishwa pembezoni kinarudisha kinga hiyo kwa bei ya soda mbili. Hadibodi iliyooza nayo inaweza kukatwa mpya kwa kutumia ya zamani kama kielelezo, na vinili ya asili ikahamishiwa juu yake. Hilo ndilo linalopaswa kufanywa, kwa sababu michirizi iliyo kwenye paneli za miaka ya 1960 na 1970 haikushonwa. Ilipigwa kwa mashine ya umeme iliyoyeyusha vinili na kuigandamiza kwa kalibu. Fundi mwenye cherehani, hata awe hodari vipi, hawezi kuiga mchoro huo. Atashona mistari, na kila anayeyajua magari hayo atauona ushonaji kabla hajaketi.

Asili ya wapi?

Neno «asili» nalo lina utata wake katika ukanda huu, na ni utata ambao vitabu vya Ulaya haviusaidii. Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilipata viwanda vitatu vikubwa vya kuunganisha magari, Nairobi, Thika na Mombasa. Peugeot 504 iliunganishwa Mombasa, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kutokana na vifaa vilivyoletwa vikiwa vipande vipande. Sera ya wakati huo iliwataka waunganishaji watumie baadhi ya bidhaa za nchini, na vitambaa vya viti vilikuwa miongoni mwake, pamoja na vitu kama betri, rangi na vioo.

Kwa hiyo mwenye 504 ya Mombasa anayeagiza ngozi za viti kutoka kwa mtengenezaji wa Ufaransa, kwa fedha nyingi na kwa nia ya kurudisha uasili, huenda anaweka kitu ambacho gari hilo halikuwahi kuvaa. Rangi na mchoro unaotakiwa haumo kwenye orodha ya Paris. Umo kwenye kiti chenyewe kilichochakaa, na kikitupwa ushahidi umepotea. Historia ya viwanda vya Afrika Mashariki imeandikwa kwa uchache mno. Sehemu yake iko chini ya makalio ya madereva, na hakuna makumbusho inayoikusanya.

Kwa wanaopeleka magari mashindanoni, jambo hili lina alama zake. Africa Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong na yaliyoanza mwaka 1971, huvuta magari na pikipiki za kale, na majaji hukagua hadi ndani ya gari na chini yake. Mbio za East African Safari Classic, zilizoanza mwaka 2003, huyarudisha magari ya zama hizo barabarani, na zimewahi kupita Kenya na Tanzania. Gari la mbio hubadilishwa viti kwa usalama, na hakuna wa kulaumu. Gari la nyumbani halina kisingizio hicho.

Si kila kiti kinaokoka, na mtu anayesema hivyo hajaona viti vya kutosha. Vinili iliyokauka hadi inavunjika ikikunjwa haina dawa. Hakuna mafuta yanayorudisha ulaini uliotoka kwa miaka 50. Kiti cha dereva ndicho hufa kwanza, na cha nyuma hukaa kama kipya. Mafundi wenye akili hutumia tofauti hiyo: hukata kipande kutoka mgongoni mwa kiti cha nyuma au chini yake, pasipoonekana, wakazibia mbele, na vinili mpya ikawekwa pale palipofichika. Rangi inalingana kwa sababu ni kitambaa kile kile.

Chanzo kingine ni gari lililokufa. Peugeot iliyokaa juu ya mawe nyuma ya nyumba mjini Arusha yaweza kuwa na paneli nzima za milango ambazo mwenye gari wa Kisumu amezitafuta kwa miaka. Hapo ndipo Umoja wa Forodha, ulioanza mwaka 2005, unapokutana na hali halisi. Utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo mipakani unahusu bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani. Paneli iliyotoka Ufaransa mwaka 1971, hata kama imekaa Arusha tangu hapo, haina cheti cha asili, na ofisa wa forodha hana safu ya kuiandikia. Ikitangazwa, ni kipuri kilichotumika kutoka nje ya Jumuiya. Anayeivusha kama mzigo wa kawaida wa basi anategemea kwamba mtu wa Namanga ataona kipande cha hadibodi chenye vumbi na kutikisa kichwa.

Kipande kinachosafiri hivyo hakifai kukunjwa, kwa sababu kila kunjo ni ufa wa kesho. Ngozi ya kiti huviringishwa kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje, na shuka la pamba katikati ili vinili isigusane na vinili nyingine ikagandana. Haiwekwi ndani ya mfuko wa nailoni, na haiachwi juu ya keria juani. Hata ile iliyoharibika kabisa huhifadhiwa hivyo na wanaojali, ikiwa na maandishi ya chaki upande wa kitambaa yanayotaja kiti, upande na mwaka wa gari, ili fundi atakayekuja baadaye apate kielelezo cha kukatia.